Shamba la Buluu

Csongor, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyepima joto la maji ya ardhini hapa mjini Szentes. Alishusha kipimajoto kisimani kwangu, akanywa supu yangu ya kuku, akaondoka.

Leo ramani ya vipimo vyake imebandikwa ukumbini. Penye wekundu maji ni moto, na ndipo watakapojenga mtambo wa kupasha nyumba joto. Shamba la mkwewe ni jekundu. Langu, eti, buluu!

“Shangazi, vipimo havidanganyi,” akasema mbele ya watu.

“Havidanganyi, mwanangu. Wewe je?”

Akainamisha macho. Utotoni mwake tulinyonyoa kuku kwa maji ya kisima kile, bila kuwasha jiko. Kovu la kuungua analo mpaka leo, kwenye mkono uleule uliopaka buluu.