Amri Haramu

Wenzake walimwita Chapuchapu, na jina lenyewe alilipenda. Walikuwa kundi la watu wanaojitolea kutengeneza toleo lao la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kwa mwaka mzima alikuwa amewakalia kooni na jambo moja: vifurushi vyote vya programu viundwe upya kwa ajili ya prosesa mpya tu, yaani bongo za kompyuta za kisasa. Hizo zinajua amri ambazo za zamani hazizijui, alisema, sasa kwa nini tuzipige breki kwa sababu ya mikweche? Alipoulizwa nani bado anatumia hiyo mikweche, alijibu kwamba iko makumbusho. Wakacheka, kura ikapita. Kasi ikapanda kwa asilimia nane, na kichwa cha Chapuchapu kikavimba zaidi ya hapo.

Jumatatu saa nne asubuhi dada yake akampigia simu. Alikuwa mwalimu aliyepunguzwa kazini, na kwa miaka mitatu alingoja nafasi itangazwe. Ilikuwa imetangazwa. Maombi yalipokewa mtandaoni tu, mwisho saa sita mchana siku hiyo.

"Mdogo wangu, jana kompyuta iliniomba niisasishe, nikaikubalia kama ulivyonifundisha. Leo kila nikifungua intaneti inajifunga, inaniandikia 'Amri haramu'. Mimi nimefanya haramu gani?"

Chapuchapu akaelewa: prosesa ya zamani ilikuwa imepewa amri isiyoijua. Maneno yale alikuwa ameyatafsiri yeye mwenyewe, enzi hizo akijiona bingwa wa lugha. Na kompyuta ile, yenye Linux yao, ilikuwa yake zamani. Alimpa dada siku aliponunua mpya, akashukuriwa, akasahau.

"Hujafanya kitu, dada. Nakuja."

Akakwapua kompyuta yake, akatoka mbio. Barabara hazikuwa na habari naye. Alifika saa sita na dakika ishirini, akamkuta dada mezani, vyeti amevipanga kwa mfuatano wa miaka, mkweche ukiwaka mbele yake.

Akafungua kompyuta mpya. Ukurasa ulikuja kufumba na kufumbua: muda wa kutuma maombi umekwisha.

Ikabidi aseme yote, hata ile kura, hata lile neno makumbusho. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Dada akavirudisha vyeti kwenye bahasha, kimoja kimoja.

"Methali ya haraka sikutajii, unaijua," alisema. "Nieleze tu, hiyo kasi yako imekuwahisha wapi."