Picha Mbili za Rupia

Wewe, ukiletewa picha ya sarafu ya kale kwenye simu ukaambiwa uitie thamani, jicho lako litaanzia wapi? Najua. Litaanzia kwenye mwaka. Watu wote huanzia kwenye mwaka, kama mtu anayeuliza umri wa bi harusi kabla hajamtazama uso. Hata mimi nilianzia huko huko, maana darasa la saba nilimaliza na namba nazisoma vizuri. Ilinichukua miezi kumi na minne kujua kwamba mwaka hutazamwa mwisho. Na sikujifunza kwa kuzipenda sarafu. Nilijifunza kwa ajili ya Ishaka, aliyemfanya dada yangu aitwe Bi Kizibo, mpaka dada akaingia kaburini na jina hilo.

Mama yetu alituachia rupia mbili za Mjerumani, za fedha, nene, moja inajaza kiganja cha mtoto. Upande huu mfalme wao mwenye masharubu na kofia ya tai, upande ule simba na mti. Moja akampa dada yangu Ashatu, ya pili akanipa mimi, Hija, na kila mmoja akaitunza kwa akili yake. Mimi niliipeleka yangu kwa sonara, akanichomelea kitanzi ukingoni, nikaivaa shingoni siku ya harusi. Kila kuamkia Idi nikawa naisugua kwa majivu na ukwaju mpaka inawaka, kama tulivyofundishwa kusugua vikuku. Kitanzi kilipolegea uzeeni, fundi akakikata na kupapiga tupa pale pahali.

Ashatu hakuigusa yake. Aliifunga kwenye kipande cha kanga, akaitia katika mkebe wa biskuti nyumbani kwake Kerege, ikakaa humo miaka hamsini na ushei. Ikawa nyeusi yenye buluu kama shingo ya njiwa, na karibu na kofia ya mfalme pakafanya doa mfano wa punje ya kunde. Nikawa namcheka: "Dada, fedha yako inaoza hiyo." Kumbe iliyooza ni yangu.

Ishaka ni mzaliwa wa Kerege, nyumba ya nne kutoka kwa Ashatu. Kazi yake kununua sarafu za kale vijijini na kuwauzia wenye fedha mjini. Siku moja akaja kwa dada, akapiga picha mbili, uso na mgongo, akasema anazituma Dar kwa wajuzi. Kesho yake akarudi na sura ya msiba.

"Pole, bibi. Imeliwa na chumvi. Hata bure hawaitaki. Lakini wewe ni bibi yangu, shika hii elfu thelathini, ukanunue dawa ya macho."

Ashatu akamkabidhi rupia, akamshukuru. Akamchemshia na chai ya tangawizi.

Sasa, mimi nina shoga yangu hapa Bagamoyo, Noorbanu, muuza vitambaa. Marehemu mumewe alikuwa mpenzi wa sarafu, na simu yake ilibaki katika kundi la WhatsApp la wapenzi wenzake. Mchana duka likipoa, tukawa tunafungua kundi lile tutazame picha, kama wengine wanavyotazama tamthilia. Ndipo nikaliona lile doa la kunde. Rupia ya Ashatu, imewekwa juu ya mahameli nyekundu, na Ishaka ameandika chini yake: "Haijapata kuguswa. Milioni mbili na nusu. Imekwenda."

Nikamwambia dada. Laiti ningenyamaza. Hakugomba naye, hakuwa mtu wa kugomba. Alingoja siku ya hitima nyumbani kwa Mwalimu Maulidi, pale pale Kerege, watu wamekwisha kula, akamsogelea Ishaka na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ile rupia yangu, mbona nasikia haikuwa imeliwa na chumvi?"

Ishaka akaweka sahani chini, akacheka hadi mkeka wa wanaume ukageuka.

"Rupia gani, bibi? Jamani, huyu bibi alinipa kizibo cha soda! Akili imeshamruka, nikampa hela kwa huruma tu."

Walicheka wote. Kesho yake watoto wakawa wanapita mlangoni wanaita, "Bi Kizibo! Bi Kizibo, lete soda!" Ashatu akaacha kwenda shughulini. Lakini lililonichoma zaidi ni siku aliyonishika mkono, macho hayaoni vizuri, akaniuliza taratibu: "Hija, mdogo wangu, hivi kilikuwa kizibo kweli?"

Alikufa mwezi wa Rajabu. Sikulia sana. Nilikuwa nimeshika jambo moja moyoni na sikutaka liloe: Ishaka aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba dada yangu alikuwa na akili zake. Hela zake sikuzitaka.

Nikaanza darasa. Kila picha iliyowekwa kundini niliitazama, nikaikuza kwa vidole viwili, nikasoma wajuzi wanasema nini. Nikajua kwamba cha kwanza kuliwa ni kilichoinuka: shavu, masharubu, bawa la tai kwenye kofia. Nikajua kwamba sarafu nyeupe pe, inayong'aa kama sufuria ya bi harusi, imesuguliwa, na iliyosuguliwa imekufa. Mistari yake huonekana ukiielekeza kwenye mwanga wa ubavuni. Majivu yangu na ukwaju wangu! Miaka arobaini na saba niliihesabu, kila Idi nikiiua rupia yangu kwa mapenzi. Nikajua pia kwamba mtu wa haki huomba picha ya tatu, ya ukingo, aone kama meno yake, ile mikato midogo midogo, yamekamilika pande zote.

Ishaka hakuomba ya tatu kamwe. Kundini walimwita Daktari, naye jina lilimlevya. "Mimi picha mbili zinanitosha," aliandika. "Nikisema safi ni safi. Ikionekana na ila, nifukuzeni." Niliyasoma maneno yale mara nyingi kuliko nilivyosoma barua za marehemu mume wangu.

Basi nikaingia jikoni. Nikachemsha mayai mawili, nikaviponda viini, nikavitia kwenye chupa ya jemu, na rupia yangu juu yake imekaa kwenye kifuniko kidogo isiguse. Nikafunga. Harufu, usiniulize. Fedha ikaanza kugeuka: kwanza rangi ya chai ya rangi, kisha wekundu, kisha buluu. Kila baada ya saa nilichungulia. Ilipofika shingo ya njiwa nikaitoa, nikaifunga kwenye kanga na karafuu wiki tatu harufu iishe. Sina haraka mimi.

Noorbanu akaitazama akashika mdomo. "Hija, wewe ni mchawi."

"Mimi ni mpishi tu, shoga."

Picha tulizipiga asubuhi, chini ya kivuli cha bati la uani, mwanga umetulia na hauna ubavu. Uso na mgongo. Tukaitia sarafu kwenye moja ya zile kadi za wapenzi wa sarafu, yenye dirisha la nailoni, tukaibana pini pande nne, ukingo wote ukajificha ndani ya kadi. Noorbanu akazituma picha kwa Ishaka kwa simu yake mwenyewe, akaandika maneno ya kweli matupu: "Nimeletewa hii na bibi mmoja. Itazame uniambie."

Hazikupita dakika kumi, ujumbe wa sauti. Tukausikiliza vichwa vimegusana.

"Mama, shikamoo. Pole sana, hii imeliwa na chumvi. Haina soko. Ila kwa kuwa ni wewe, mwambie huyo bibi nitampa elfu thelathini."

Kiasi kile kile! Na jioni ile ile, kundini, picha zetu mbili juu ya jina lake: "Haijapata kuguswa. Jumapili ya wiki ijayo naileta kwenye mkutano wetu, mwenye nguvu ajipange."

Tulimnyamazia siku tisa. Akapanda mpaka laki moja na nusu, akaja mwenyewe dukani Jumamosi, pikipiki haijazimwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachagua vifungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia kwa moyo mweupe kama mkaa. Hakunitambua. Bibi kwake ni bibi.

Akaishika ile kadi, akachungulia dirishani mwake kama anayemchungulia mchumba.

"Huitoi uitazame?" Noorbanu akamwuliza. Nilimtaka amwulize, nilitaka mlango uwe wazi, apite mwenyewe.

"Mama, vidole vina mafuta, vinaharibu. Jicho langu linatosha." Akalipa, akaondoka.

Jumapili saa nne tulikuwa mkutanoni, juu ya mkahawa mmoja hapa mjini, watu kama thelathini. Nilikuja na Mwalimu Maulidi. Nauli yake kutoka Kerege nililipa mimi, nikamwambia tu, "Njoo, nina ushahidi nataka uusikie." Ishaka alivaa kanzu mpya. Alitandaza mahameli yake, akaiweka rupia katikati, akasema bei: milioni tatu.

Mnunuzi alikuwa Mzee Natvarlal kutoka Dar, mtu mzima sana, mwembamba, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Akatoa pini moja moja. Akaiweka rupia kwenye leso. Hakutazama uso wala mgongo. Aliisimamisha akaizungusha ukingo polepole, na juu kabisa, mahali pa kitanzi changu, mkono ukasimama.

"Bwana Ishaka, hapa meno hayapo. Pamechomelewa, pakapigwa tupa."

"Haiwezekani, mzee."

Natvarlal akaiinamisha kuelekea dirishani. "Na imesuguliwa miaka mingi. Hiki cheusi kimepikwa juzi tu. Aliyepika anajua kazi." Nikatabasamu ndani ya mtandio. Mzee akamgeukia Ishaka: "Ni wewe?"

Ukumbi ukachemka. Mmoja akasimama: "Na ile uliyoniuzia mwezi wa nne?" Mwingine: "Daktari gani wewe, umegeuka mganga!" Ishaka akaapa wallahi hakuipika, jasho limeloweka kola ya kanzu. Noorbanu akainua simu yake, akafungua ule ujumbe. Sauti ya Ishaka ikajaa chumba kizima: imeliwa na chumvi, haina soko, elfu thelathini.

"Kwa mwenye mali imekufa, kwetu haijaguswa," Natvarlal akasema taratibu. "Sasa tuamini mdomo upi?"

Hapo nikasimama. Magoti yangu hupiga kelele nikisimama, yakapiga.

"Aliyeipika namjua. Nitamtaja mbele ya watu hawa, nawe utatoka hapa si mghushi. Lakini wewe kwanza."

Akanikodolea macho. "Bibi, wewe ni nani?"

"Mimi Hija. Mdogo wake Ashatu wa Kerege." Nikaona rangi inamtoka kuanzia midomo. "Mwalimu Maulidi yule pale, unamwona? Hitima ilikuwa kwake. Mwambie dada yangu alikupa nini."

Akanisogelea akainama. "Bibi, nakuomba tukayamalize pembeni. Nitakupa zote, ile milioni mbili na nusu, na zaidi."

"Pembeni? Pale mkekani ulimtoa pembeni? Sema kwa sauti ile ile. Mimi nina muda. Nimengoja miezi kumi na minne, sitashindwa kungoja mpaka adhuhuri."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Mwalimu Maulidi aliinamisha kichwa. Naye alicheka siku ile, na alijua kwamba ninajua. Ishaka akatazama mlango, akamtazama Natvarlal, akatazama watu waliokuwa wakimwita Daktari tangu mwaka juzi.

"Ilikuwa rupia," akasema.

"Hawakusikia."

"Ilikuwa rupia! Niliitaka. Tangu picha ya kwanza niliitaka, na thamani yake niliijua kabla sijatoka uani kwake. Nilitaka niipate peke yangu, na aliponiuliza nikataka asisadikiwe na mtu yeyote. Bibi Ashatu alikuwa na akili zake timamu."