Marahaba ya Mzee Anselmi

Kiharusi kilimkuta mzee Anselmi juu ya paa la nyumba yake, akiezeka, mwezi wa pili mwaka wa sabini na nne. Watu wakasema amerogwa na mtu aliyelionea wivu paa lake. Upuuzi mtupu. Paa lenyewe lilikuwa la nyasi, kama la kila mtu kule mlimani juu ya Ruhembe. Mzee aliteremka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, akataka kumwambia mkewe jambo, na maneno yakamtoka hayana kichwa wala miguu. Jua lilipozama, mkono wake wa kulia na mguu wake wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi.

Hildegarda, mkewe, alilia kidogo, kisha akafunga kanga. Alimpakia mumewe kwenye trekta la kubebea miwa mpaka Mikumi, akampandisha treni mpaka Kilosa, wakalala kwa binti yao Ida pale Magomeni ya Kilosa, na kesho yake wakapata lori la kwenda Berega, hospitali ya misheni. Huko walikaa wiki tatu, naye akawa analala chini ya kitanda cha mumewe, kwenye mkeka.

Siku ya nne muuguzi mmoja alipita asubuhi akiwa na beseni lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama!" akaitika Anselmi, sauti safi kabisa. "Hujambo? Watoto hawajambo? Haya, tunamshukuru Mungu."

Hildegarda alipiga kigelegele mle mle wodini mpaka akakemewa. Lakini daktari, bwana mmoja wa makamo aliyeitwa Mathayo, alipokuja hakucheka. Alimketisha.

"Mama, usifurahi upesi. Kilichoumia ni ubongo, upande wa kushoto. Upande huo ndio unaouongoza mkono wa kulia, na humo ndimo mtu anamotafutia maneno. Salamu haitafutwi, inatoka yenyewe. Sala nayo vilevile, na kuhesabu moja mpaka kumi, hata matusi. Maneno ya kutafuta na maneno ya kuitika hayakai ghala moja. Kwa mumeo ghala moja limeungua, jingine limesalia."

"Si amepona nusu, basi?"

"Muulize anataka uji au chai."

Hildegarda akamuuliza. Anselmi alimtazama. Kwamba ameelewa, lilikuwa wazi machoni mwake. Alifungua mdomo, akaufunga, jasho likamtoka kipajini, mkono wa kushoto ukapapasa shuka kana kwamba neno limeanguka hapo karibu. Mwisho akasema, "Salama." Akajisikia alivyosema, akageukia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimpa Hildegarda maagizo na barua yenye mhuri. Maagizo yalikuwa haya: mgonjwa arudi kwenye nyumba yake, ashike vitu alivyovishika miaka yote, kwa kuwa ubongo hujifunza njia mpya kwa kupita palepale kila siku. Asihamishwehamishwe. Barua nayo ilisema kwa ufupi kuwa Anselmi amepata kiharusi, amepoteza usemi, na aachwe nyumbani kwake mwaka mzima.

Na kweli nyumba ilimtibu. Kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa hatua kumi na moja, na mzee alizipiga akiushika ukuta kwa mkono wa kushoto, mpaka udongo wa ukuta ukang'aa. Mwezi wa tano alifika mlangoni, akaweka kiganja kwenye ubao, akasema, "Mlango." Neno la kulitafuta! Wote wawili wakaogopa hata kucheka. Baadaye likaja "kigoda," ambacho alikichonga mwenyewe kabla Ida hajazaliwa. Likaja "chungu." Likaja "kuku." Kufikia mwezi wa nane yalikuwa maneno sita, na kila neno lilikuwa na mahali pake humo ndani; ukimtoa nje kwenye kivuli, "mlango" halikuja. Hildegarda aliyalinda maneno hayo sita kama kuku anavyolinda vifaranga.

Lakini binadamu hana subira. Maneno sita ni machache kumwonyesha jirani. Kwa hiyo majirani walipokuja kumjulia hali, Hildegarda aliwasukuma mbele: "Mwamkieni! Mwamkieni msikie!" Wakamwamkia, mzee akaitika vizuri kuliko padri, akauliza watoto, akamshukuru Mungu, na majirani wakaondoka wakisifu. Kitongoji kizima kikajua kuwa mzee Anselmi anasema. Wanasema ulimi uliponza kichwa. Ulimi wa Hildegarda uliponza nyumba nzima.

Mwezi huohuo wa nane ikaja amri ya kuhama. Watu wote wa mlimani washuke kwenye kijiji kipya, kando ya barabara ya Mikumi, kabla ya mvua. Huko kutakuwa na shule, zahanati na bomba la maji; hayo yalisemwa, na mengine yalikuja kuwa kweli kwa wakati wake. Wakati ule kulikuwa na vifaa vya kupimia viwanja tu, vigingi na kamba.

Ghafla mlimani kukazuka magonjwa. Petro, aliyekuwa akibeba gunia la mahindi kila Jumamosi, alijifunika blanketi mchana kweupe akatetemeka. Mwanamke mmoja alidai yu mja mzito wa miezi tisa, na watu wote wakijua mumewe ana mwaka wa pili yuko Tanga. Balozi wa nyumba kumi, Mwinshehe, aliambiwa na wakubwa zake akague kila mgonjwa mwenyewe, kwa macho na masikio yake, kisha aseme nani abaki na nani aende. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyedanganywa mara tisa kwa siku tatu.

Asubuhi ya ukaguzi Hildegarda alipiga magoti mbele ya kitanda.

"Baba Ida, nisikilize. Leo atakuja Mwinshehe. Atakuamkia. Usimwitikie. Umenielewa? Nyamaza tu, kwa ajili yangu. Akikuona huna usemi, tunabaki."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akamshika mkewe bega kwa mkono wake mzima, akalikaza. Alikuwa ameelewa kila neno, na Hildegarda akapata moyo.

Mwinshehe alikuja na vijana wawili wa mgambo. Alivua kofia mlangoni, akaisoma barua ya daktari mara mbili, akautazama na mhuri. Uso wake ukalainika.

"Pole sana, mama. Ikiwa ndivyo, hakuna neno. Mzee mwenyewe namheshimu kama baba yangu." Kisha akasogea kitandani, kwa kuwa hakuna mtoto wa watu mwenye adabu anayeweza kuingia nyumbani kwa mzee akatoka bila kumwamkia. "Shikamoo, baba."

Anselmi alibana midomo. Hildegarda aliiona ikibanwa, ikawa myeupe. Mzee alifumba macho, akashika ubao wa kitanda, akapambana na kitu ambacho hakikuwa chake kukizuia.

"Marahaba, baba!" Ikatoka, safi, yenye furaha. "Hujambo? Watoto hawajambo? Haya, tunamshukuru Mungu."

Mwinshehe akaitazama barua, akamtazama Hildegarda.

"Mama. Hapa pameandikwa amepoteza usemi."

"Huo si usemi, Balozi! Hizo ni salamu tu, zinatoka zenyewe! Daktari aliniambia, ziko ghala jingine—"

"Ghala?"

"La kichwani! Muulize kitu kingine. Muulize jina langu!"

Mwinshehe, kwa haki yake, akauliza. "Mzee, huyu mama anaitwa nani?"

Anselmi alimtazama mkewe aliyeishi naye miaka thelathini na mbili. Akafungua mdomo. Machozi yakamlengalenga. "Salama," akasema.

Vijana wa mgambo wakaangua kicheko. Mmoja akasema mzee anajitia hamnazo, tena kwa ustadi kuliko Petro na blanketi lake. Mwinshehe hakucheka. Alikunja barua polepole, akairudisha mkononi mwa Hildegarda.

"Mama, mtu aliyepoteza usemi haniulizi hali ya watoto wangu. Mguu ninauona, nao kweli ni mbovu; kwa hiyo nyie mtapanda trela, hamtatembea. Hilo tu ndilo ninaloweza. Na miezi yote hii, mama, si wewe mwenyewe uliyetuambia amepona?"

Hildegarda aliifunga barua kwenye pindo la kanga. Alikuwa na maneno yote ya dunia kichwani, na hakuna hata moja lililomfaa.

Walishushwa Alhamisi. Paa liliondolewa ili wasirudi. Kule chini walipewa kiwanja chenye vigingi vinne, wakajibanza kwenye kibanda cha fito na turubai kisichokuwa na ukuta wa kushikia. Mzee alisimama mara moja, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta udongo, akaukosa, akaketi. Hakusimama tena. Katika wiki mbili yale maneno sita yalimwisha. Hildegarda alimletea kigoda, akakiweka mkononi mwake, "Hiki nini, Baba Ida? Hiki nini?" Akampapasisha kama kipofu. "Salama," akasema mzee, na siku hizo hakutoa hata jasho.

Siku moja Hildegarda alikwenda kukata nyasi za kuezekea, akamwacha ameketi kwenye kivuli cha turubai. Alirudi jua limepinduka. Mzee alikuwa ameanguka kwa ubavu, mkono mbovu umelaliwa chini yake, uso juani, midomo imepasuka. Alikuwa hapo tangu saa tatu. Na kibanda kile kilikuwa njiani! Kijiji kizima kilipita pale kwenda mtoni.

"Jamani, hamkumwona?"

"Tumemwona, mama," akasema jirani mpya, mwanamke aliyeitwa Joha, ameshika kinywa kwa aibu. "Tumemwamkia wote. Tulijua kajilaza. Ameitika, kasema salama, akatuuliza na watoto. Tungejuaje?"

Wasingejua. Hilo ndilo lililomuuma Hildegarda kuliko yote, kwamba hapakuwa na wa kumkasirikia. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba, kanga kiunoni, akawaomba watu jambo ambalo hakuna mke aliyewahi kuliomba: wasimwamkie mumewe. Wakipita, wamtazame tu kwa macho. Wakimwona ameanguka, wamwinue. Akiitika, wasimsadiki.

Watu walikubali kwa midomo. Lakini nani anaweza kupita mbele ya mzee mwenye mvi, akamkodolea macho bila kumwamkia, kama anatazama mbuzi? Waliona haya. Mmoja akaanza kuzunguka nyuma ya mashamba, mwingine akamfuata, na kabla ya mwezi kwisha njia ya mtoni ilikuwa imehama. Mbele ya kibanda nyasi zikaanza kuota.

Mzee Anselmi aliketi hapo kila siku. Akisikia nyayo kwa mbali aliinua kichwa, akauweka mdomo tayari, akangoja. Nyayo zikakata kona.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Hildegarda alikuwa akipepeta mahindi nyuma ya kibanda aliposikia sauti ya mumewe, ile safi, yenye furaha. "Marahaba, baba! Marahaba, mama! Hujambo?" Akatupa ungo, akakimbia mbele kwa matumaini ya mgeni. Hapakuwa na mtu. Mzee aliitazama njia tupu, akiitika, akinyamaza kidogo kama mtu anayepisha mwenzake aseme, akiitika tena.

Hildegarda akaketi chini kwenye tope, mbele ya magoti ya mumewe. Mzee akamwona. Akamtazama muda mrefu, mdomo ukahangaika, mkono wa kushoto ukapapasa hewani, na mke akajua kwamba safari hii anatafuta, anatafuta kweli, kuna jambo anataka kumwambia yeye na si mwingine.

"Watoto hawajambo?" akauliza mzee, machozi yakimtiririka.

"Hawajambo," akajibu Hildegarda, naye akilia. Neno lilimtoka lenyewe, kabla hajalitafuta.