Betri ya Volti Sita

Mimi nikikasirika husema, na nikisema husikika mpaka nyumba ya tatu. Hilo Likoni nzima walijua. Basi siku Nguma alipokuja na libetri lile kubwa begani, akalitua barazani kwetu puu, nilimwambia waziwazi, "Hilo peleka kwenye lori. Hapa hatuna lori."

Mume wangu Mwidani akanikata jicho ninyamaze. Jicho lile halijapata kuninyamazisha.

Mambo yalikuwa hivi. Mwidani alikuwa na teksi, Morisi kuukuu ya kabla ya vita, ile ya boneti la kufunguka kwa ubavuni. Aliinunua kwa daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na akaipenda kuliko alivyonipenda mimi, nikimwambia hivyo hucheka tu. Kituo cha teksi pale feri kilikuwa na nafasi chache, kila gari na namba yake kwenye kibati, na waliokuwa wakingojea namba ni wengi kupita abiria. Mwaka ule wanaume barazani hawakuwa na jengine ila Mwambao na uhuru, pwani ijitenge au isijitenge, nani atatutawala na nani ataondoka. Mwidani yeye akiwaza ukaguzi. Mara ya kwanza Morisi ilianguka ukaguzini kwa sababu ya breki. Mkaguzi akampa muda azitengeneze, arudi Alhamisi fulani, na gari ikianguka tena namba apewe mwengine.

Breki zikatengenezwa, Alhamdulillahi. Ndipo betri nayo ikafa.

Bila ya namba ile sisi hatukuwa na maisha. Kofia nilizokuwa nikishona zilitutolea chumvi na uzi wa kushonea kofia nyengine, basi. Na ndani mlikuwa na mavyaa wangu, Bi Mwanatabu, mama yake Mwidani, mtu mzima wa haya zake, ambaye tangu afiwe na mumewe hakutoka ila kwenda makaburini na kwa jamaa. Mwanawe huyo mmoja ndiye aliyembakia.

Nguma alikuwa dereva mwenziwe Mwidani, mtu wa moyo mweupe ila mjuaji. "Volti kumi na mbili hii!" akasema, akilipiga libetri lake kofi. "Yenu ile ilikuwa sita. Hebu nambieni nyinyi, sita na kumi na mbili, ipi itavuta zaidi?"

Mwidani ameshaanza kucheka kwa furaha. Nikasema kabla hatujatia kitu tukamuulize Bwana Barakat, mwenye duka la vipuri kule Kisauni. Nilimjua kwa sababu mkewe alikuwa mteja wangu wa kofia.

"Wewe, Mwanamkasi, na magari wapi na wapi?" akaniuliza Mwidani.

"Sijui magari. Njaa naijua. Twende."

Tukaenda, kwa feri kisha kwa basi, na ile betri iliyokufa tumeitia kikapuni mapajani mwa Mwidani, ikimvujia na kumtoboa suruali. Njia nzima hakusema nami.

Bwana Barakat alikuwa mtu wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani, mwenye maneno ya taratibu mpaka ukatamani umsukume. Akaitazama betri, akaitazama suruali, akatuagizia kahawa. "Gari yenu yataka sita," akasema. "Ukiipa kumi na mbili siku ya kwanza itakwenda mbio, utafurahi. Siku ya pili zitaungua taa, kisha nyaya. Na gari hizi za zamani, waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, si kama haya mapya. Ukiigeuza umeiua dainamo." Rafuni alikuwa na betri mbili za sita. Mwidani akaiashiria iliyokuwa karibu, ishatiwa tindikali, tayari kuchukuliwa. Barakat akatikisa kichwa. "Hiyo imekaa mno na tindikali yake, imechoka. Sikupi." Akatoa nyengine iliyokuwa bado kavu ndani ya sanduku, akasema ataijaza na kuichaji, tuifuate kesho.

Mwidani akanivuta kando. "Kile kidude kidogo ndicho kitavuta Morisi? Kingekuwa cha bure hata sikitaki. La Nguma liko nyumbani, kubwa, lipo!"

"Mume wangu, nisikilize mara hii moja," nikamwambia. "Likiharibika jambo, nilaumu mimi."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu.

Kesho yake tukaifuata, na ilipotiwa, Morisi iliwaka kwa mguso mmoja. Mwidani alipiga honi mpaka kuku wakaruka ukuta. Akanitazama kwa furaha ile ya siku za arusi yetu, nami nikajitia sioni. Jioni Nguma akaja kutaka habari, akaonyeshwa ile betri ndogo, uso ukamshuka. "Basi mimi mmenidharau," akasema. Akajitwika libetri lake akaondoka, na kahawa aliyotengewa hakuigusa.

Bi Mwanatabu alikuwa nyuma ya pazia la mlango. "Ameondoka na kitu moyoni huyu," akasema. "Kahawa yangu ameiacha. Husuda hiyo. Jicho lake litamwandama mwanangu."

"Mama, Nguma hana jicho, ana mdomo tu," nikamwambia.

Hakucheka. Laiti angecheka.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Kisha asubuhi moja Morisi ikaguna kabla ya kuwaka. Kesho yake ikaguna zaidi. Mwidani akarudi nyumbani uso umemkunjamana. "Betri ya Barakat wako hiyo," akasema. Nikamjibu labda ni waya, labda ni mvua, labda ni yeye na kupiga honi kwake. Lakini moyoni nilishaingiwa na hofu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikiisikiliza, na kila asubuhi ilikuwa hoi kuliko jana, na mimi ndiye niliyesema nilaumiwe.

Alhamisi ile akabonyeza stati, ikalia tik, kimya. Akatoa hendeli akazungusha mbele ya gari mpaka shati likamganda mgongoni. Ikaja kuwaka kwa taabu, akaruka ndani akaondoka bila ya kuaga. Nilibaki nikisoma kila dua niijuayo, na nisiyoijua nikaibuni.

Alirudi baada ya adhuhuri. Sikumuuliza kitu, niliona mwenyewe. Pale penye kibati cha namba pamebaki matundu mawili ya skrubu.

"Mkaguzi alinambia niwashe taa, zikafifia zikazimika," akasema. "Akanambia nipige honi. Mwanamkasi, ililia sauti ya mbuzi mgonjwa. Watu walicheka." Akakaa barazani. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. "Ningechukua la Nguma," akasema. "Wewe ndiye uliyenitoa kazini."

Maneno hayo yalinichoma. Nikavaa buibui langu nikaenda Kisauni siku ile ile, peke yangu. Nikaingia dukani, sikutoa hata salamu, Mungu anisamehe. "Bwana Barakat, nimekudhamini kwa mume wangu. Leo namba yake imeng'olewa. Utakuja kwetu useme mbele yake ile betri uliyotupa ni betri gani."

Yule bwana hakubisha. Alifunga duka, akachukua kijibomba chake cha kioo cha kupimia tindikali, tukafuatana.

Mwidani hakumwinukia. Barakat akafungua boneti, akatoa kizibo cha kwanza, akasita. Akainamisha pua. Hata mimi niliyesimama mbali ilinifikia: marashi mawaridi. Akatumbukiza kioo akavuta maji, yakaja ya manjano, rangi ya wali wa biriani. Kizibo cha pili vivyo hivyo, na cha tatu.

Harufu ile hakuna aliyelelewa nyumba zetu asiyeijua. Ni kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji na marashi, akanyweshwa mgonjwa au ikanyunyizwa nyumba kuikinga. Tumelelewa nalo, tumeponea kwalo. Lakini ndani ya betri? Mama weee!

"Ni nani aliyeifungua?" akauliza Barakat kwa sauti ya chini.

"Mimi, mwanangu," akajibu Bi Mwanatabu. Alikuwa ameshatoka mlangoni, na uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyefanya jambo lake vyema. "Tangu siku ile Nguma alipoacha kahawa yangu. Kila alfajiri kabla Mwidani hajaamka, kila tundu na haki yake, mpaka lifurike. Hii leo wamemtoa kazini, lakini mwili wake mzima, ndilo hilo kombe. Tena huko nje mende wameniharibia leso, sijali." Akaikunjua leso yake tuione. Ilikuwa imeliwa matundu upindo mzima.

Barakat akayatazama matundu yale. Akamtazama Mwidani. Na Mwidani alikuwa akitazama chini. Nilimjua mume wangu. Dereva wa miaka yote ile hakuhitaji kuelezwa tindikali hufanya nini nguo. Ameshaelewa.

Barakat akavifuta vile vizibo kimoja kimoja, akavirudisha. "Shikamoo, mama," akasema, kwanza hivyo. Kisha, "Bwana Mwidani, betri hii ilikuwa na kasoro yake tangu dukani. Kosa ni langu. Uniwie radhi. Nitakuletea nyengine."

Na Mwidani, wallahi, akainua kichwa akasema, "Nilijua mimi. Nilisema tangu mwanzo."

Loo! Nilimtazama mtu niliyeolewa naye, nikamwona mgeni. Barakat aliaga akashika njia ya feri, na Bi Mwanatabu akawa anatikisa kichwa nyuma yake. "Watu wa maduka hawa! Basi hiyo nyengine, mwanangu, nitaitilia siku ile ile ikija. Bakuli zima."

"Mama," nikasema, "betri haikuwa mbovu."

"Mwanamkasi!" akanikemea Mwidani.

"Nitasema." Nikakaa chini karibu na mavyaa wangu, nikamshika mkono, maana kwa hasira zangu zote yule mama nilikuwa nampenda. "Mama, betri ndani yake mna tindikali, na ukiizidishia maji inapoteza nguvu. Maneno ya Mungu hayakuiua, hasha. Ni maji. Hata ya kisima chetu yangeiua, na chumvi yake ile. Ukilimimina, tindikali ikafurika nje, ikakurukia. Mende hawakuila leso yako."

Akatia kidole kwenye tundu moja la leso, akakitoa, akakitia kwenye jengine. "Mwidani," akaita. "Ni kweli?"

"Yameshapita, mama."

"Nakuuliza, ni kweli?"

Mwidani akatazama pembeni. Basi mama akajua.

"Yule bwana amejitwika langu," akasema, "nawe ukamwachia."

Akaingia ndani akatoka na buibui lake. Mwidani akanigeukia, macho yamemwiva. "Umeridhika sasa?" Sikuridhika. Nilikuwa nikilia, na nilikuwa sijui namlilia nani kati yetu. Nikamwambia, "Inuka umfuate mamako." Hakuinuka. Nikamfuata mimi.

Alikuwa akitembea mbio kuliko nilivyopata kumwona. Tulimkuta Barakat kituoni akingojea feri, na madereva wote wamekaa pale, Nguma akiwa kati yao. Bi Mwanatabu, ambaye hakuwa akizungumza na mwanamume asiyekuwa jamaa ila nyumbani kwake, akasimama mbele yao.

"Betri ya huyu bwana ilikuwa nzima," akasema. "Nimeiharibu mimi. Namba ya mwanangu nimeing'oa mimi. Nawe Nguma, nilikudhania ubaya, unisamehe."

Barakat akataka kusema kitu. "Umenisitiri nyumbani kwangu, ahsante," mama akamkata. "Hapa usinisitiri."

Nguma, na mdomo wake ule, akainuka akasimama. Feri ikaja, Barakat akaaga, akapanda.

Tulipogeuka kurudi mama akasimama tena. Akaitazama ile safu ya teksi, moja baada ya moja. "Mwidani alikuwa akisimama wapi?" akaniuliza. Miaka yote ile hakuwahi kupaona.

Nikamwonyesha. Palikuwa pameshaegeshwa gari nyengine, na dereva wake kaegemea mlango akitafuna tambuu.

"Hapa," akasema. "Alaa." Akabaki amesimama akipatazama, haendi, mpaka yule dereva akaona haya, akaacha kutafuna, akaingia garini mwake akaisogeza.