Kijani Kisichokuwepo

Mbegu za karela, lile tunda chungu la kupikwa, zilizotumika maabara zilitoka kwenye mimea ambayo mama wa mtafiti aliiotesha makoponi, nyuma ya jiko. Mama alizimenya mwenyewe, akijigamba kwa majirani kwamba dawa ya saratani anatengeneza yeye, binti anamsaidia tu. Masikini, hakujua kuwa saratani yenyewe ilikuwa imeshapiga kambi kwenye ini lake.

Kazi ilikuwa hivi: protini ya mbegu hufungwa ndani ya chembe za mafuta, ndogo mno, zenye ncha ya kunasa seli za uvimbe. Seli zisizo na pa kunasa, chembe huzipita. Hospitali ilikuwa ikijaribu dawa hiyo kwa wale tu ambao seli zao zilinaswa na chembe. Ndiyo maana, ugonjwa wa mama ulipogundulika, kipande cha uvimbe wake kikaletwa chini ya hadubini ya binti yake, na chembe zikatiwa rangi ya kijani inayong'aa.

Mwanzoni, giza tupu. Mtafiti akapandisha mwanga wa kamera kidogo. Akapandisha tena. Kijani kikajitokeza, naye akarukia simu hata glavu hajavua.

"Mama, zimeingia!"

Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma.

Ndipo binti akaweka kipande cha kulinganishia, kile kisichotiwa dawa hata tone. Nacho kikang'aa, kijani kile kile. Kumbe ni ule mwanga wa kamera alioupandisha, si dawa! Na yeye ndiye aliyekuwa akimwonya kila mwanafunzi wake: anza na kisicho na dawa, usipandishe mwanga mpaka uone unachokitamani. Mganga hajigangi. Alikaa sakafuni akalia kama mtoto.

Alimkuta mama nyuma ya jiko, magoti kwenye udongo, akipanda karela mpya.

"Njoo uone! Zikizaa hizi, nitakuwa na nguvu za kuzichuma mwenyewe."

"Mama, nilikosea. Hazikuingia."

Mikono ya mama ikatulia.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Nisamehe."

Mama alizitazama mbegu zilizobaki kiganjani.

"Usingenipigia ile simu, mwanangu," alisema taratibu. "Nilikuwa nimeshazoea kufa."

Binti akapiga magoti kando yake. Akazichukua zile mbegu mkononi mwa mama, akaanza kuzifukia.