Jua la Velichka

Kijiba cha roho kilimwanza Tsonka siku ile mafundi walipopanda juu ya paa la jirani yake, Velichka, kufunga paneli za sola. Tangu siku hiyo, kila akifungua dirisha la jikoni anakutana nazo, nyeusi, zinang'aa, zimelala chali zikila jua ambalo kwa maoni ya Tsonka lilikuwa la kijiji kizima. Mtoto wa Velichka, yule aliyeko Ujerumani, ndiye aliyezilipia. Wa Tsonka yuko Sofia tu, mji mkuu, na hupiga simu Jumapili.

"Tsonka!" Velichka humwita juu ya ukuta. "Bili ya umeme imekuja ndogo, nikadhani wamekosea nyumba!"

"Hongera. Theluji ikijaa huko juu utapanda kuifagia wewe, na magoti hayo?"

"Itayeyuka yenyewe."

"Na usiku je? Jua lako linalala wapi?"

"Usiku na mimi nimelala, shoga, umeme wa nini?"

Tsonka hufunga dirisha kwa kishindo, kisha hushinda siku nzima akitafuta jibu alilopaswa kumpa.

Lakini si bili iliyomuuma. Kilichomuuma ni Septemba. Kila Septemba wanawake wa mtaa walikuwa wakija uani kwake na magunia ya pilipili hoho nyekundu, wanazichoma juu ya bamba lake la chuma, kwa kuni zake za mwaloni, kisha wanazipika na nyanya katika sufuria lake kubwa, wapate lyutenitsa ya kupaka mkate kipindi chote cha baridi. Tangu afiwe na mume, siku hiyo ndiyo pekee ambayo Tsonka alikuwa mtu. Hakuna aliyethubutu kutia chumvi bila kumuuliza. Na kila mwaka, jioni ikifika, hushika kiuno na kusema, "Basi, huu ndio mwisho. Moshi huu utaniua. Mwakani mtafute kwingine." Nao humbembeleza, usiseme hivyo, dada, tutakwenda wapi bila wewe? Kubembelezwa huko alikupenda kuliko lyutenitsa yenyewe.

Mwaka huu hakubembelezwa. Velichka alipanga uani kwake majiko ya umeme ya kuchomea pilipili, yale madogo ya duara ambayo kila nyumba inayo, akatangaza kwamba mchana umeme wake ni wa bure, waje wote. Wakaenda. Hata Raina, wifi yake Tsonka mwenyewe, alipita langoni kwake na toroli lake la pilipili huku anaangalia upande mwingine kana kwamba kuna harusi kule.

"Tsonka, njoo!" Velichka aliita. "Njoo ukae tu, leo usiguse kitu!"

Ananicheka, Tsonka akajisemea. Ameniibia siku yangu, sasa ananialika nije kuitazama.

Akawasha moto wake peke yake, kwa ukaidi, akatupia pilipili chache juu ya bamba. Ng'ambo ya ukuta redio iliimba na wanawake walicheka, na kila kicheko kilimchoma. Akamwomba Mungu alete mvua. Mbingu ilikuwa kavu, hata wingu la kusingiziwa halikuwepo. Akaona haya kuomba ombi kama hilo, kisha akaliomba tena.

Mara redio ikanyamaza katikati ya wimbo.

"Umeme umekatika!" mtu akasema.

"Si una jua lako?" Hiyo ilikuwa sauti ya Raina. "Mbona linawaka hadi linatubabua?"

Velichka akajibu kwa sauti ya chini, lakini Tsonka alikuwa ameshabandika sikio ukutani. "Fundi alisema umeme wa kijiji ukikatika na hizi zinajizima, ili wanaotengeneza nyaya wasipigwe shoti. Labda uwe na betri. Betri ilitushinda bei."

"Kwa hiyo ziko juu zinaota jua tu, kama watalii wa pwani?"

Tsonka alicheka mpaka akakalia kigoda. Kisha akainuka upesi, akaongeza kuni, akapepea moshi uvuke ukuta. Akangoja.

Lango likalia. Raina ndiye aliyetangulia. "Wifi yangu, pilipili zimeiva nusu, zitaharibika."

"Kwani nimefunga lango?"

Wakaingia wote, na punde Tsonka alikuwa anaamrisha huku na huku, wewe menya, wewe koroga, chumvi bado. Wa mwisho kuingia alikuwa Velichka, beseni kiunoni.

"Karibu," Tsonka akasema. "Jua lako limewahi kulala leo."

Velichka hakucheka. "Wewe si ulisema mwaka jana ndio mwisho? Si ulisema moshi utakuua? Nimekaa baridi nzima nikiwaza hilo. Nikamwambia mwanangu, Tsonka akifa kwa ajili ya pilipili zetu, mimi nitagombana na nani ukutani? Kiti cha kivulini nilikuwekea wewe. Nimekuita, hukuja."

"We naye!" Raina akadakia. "Husema hivyo kila mwaka!"

"Mimi nilimwamini."

Wivu ambao Tsonka aliufuga tangu majira ya machipuko ulikuwa bado umemkaa kifuani, ila sasa haukujua umwangalie nani.

Ndipo redio ya ng'ambo ikaanza kuimba tena. Umeme ulikuwa umerudi. Wanawake wakatazama ukuta, wakamtazama Tsonka, na mmoja akainama kushika beseni lake. Moyo ukamshuka. Akashika kiuno.

"Nendeni tu," akasema. "Mimi nimechoka. Huu ndio mwaka wa mwisho."

Velichka akakunja mikono ya gauni, akachukua mwiko mrefu, akautumbukiza sufuriani.

"Safari hii sikuamini," akasema. "Hebu sogea, moshi unakuingia machoni."

Tsonka akasogea na kujifuta macho, ingawa moshi wote ulikuwa unaelekea upande wa Velichka.