Pupa Aliyeitwa Kikaoni

Wanangu wawili wana digrii, na bado walimpa mdudu kazi ya kuamua nitaishi wapi.

Nilipoteleza bafuni nikaumia nyonga, Mukhwana alikuja kutoka Kitale na Khaemba kutoka Bungoma. Waliketi sebuleni kwangu hapa Chwele wakasema siwezi tena kukaa peke yangu. Niende kwa nani, sasa? Hapo ukarimu ukawajaa.

"Mama atapenda hewa ya Kitale," akasema Khaemba.

"Aa, Bungoma ndiyo iko na hospitali karibu," akasema Mukhwana.

Nilikuwa katikati yao, nikisukumwa huku na huku kama bakuli la uji uliopoa. Shemeji yangu Barasa, aliyejiteua mwenyekiti, akakohoa.

"Si tuulize pupa, bana? Mkiwa wadogo mlikuwa mnaiuriza Kampala iko wapi, inaonyesha."

Akaenda kwenye viazi vitamu vyangu akachimbua mmoja. Huyo namjua. Ni yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, anayenimalizia majani kisha anajizika na kugeuka kitu cha kahawia chenye mkono kama wa kikombe. Ndani ya mkono huo hukunjwa ulimi mrefu wa nondo atakayetoka. Ukimshika, huzungusha mkia.

Barasa akaomba kwanza, kisha akamsimamisha vidoleni.

"Onyesha Mama anaenda wapi!"

Mkia ukaelekea Kitale. Mukhwana akaruka.

"Hiyo imepita Kitale! Hiyo ni Lodwar!"

Akaulizwa tena. Mkia ukageukia Bungoma. Khaemba akatoa simu, akafungua ramani.

"Baba mdogo, hiyo imeishia Kibabii. Mimi nakaa mjini."

"Rakini hatuwezi peleka Mama Lodwar," akasema Barasa kwa uchungu.

Mukhwana akadai rufaa: achimbuliwe mwingine, asiye na upendeleo.

Iliniuma. Hawa niliwabeba mgongoni nikipalilia viazi hivyo hivyo, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi.

"Lete," nikamwambia Barasa. Nikamshika pupa, nikamuuliza kwa jina langu mwenyewe, "Kwa Wilkista ni wapi?"

Mkia ukatulia tuli, palepale tulipo. Khaemba akafunga ramani yake.

Nikachukua mkongojo, nikaenda shambani polepole, nikamzika palepale alipotolewa. Niliporudi walikuwa wamesimama, mikoba mabegani. Nikaketi kwenye kiti changu, nikawaambia waoshe vikombe kabla ya kwenda kwao.